Jicho Litue Wapi Kwanza

Panda mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala siku ya anga safi utawakuta wageni na wenyeji wakipiga picha ileile. Ngazi zaidi ya 300 zimewatoa jasho, na huko juu jiji lote limewafungukia: Namirembe na kuba la kanisa lake kuu, Rubaga na minara yake miwili, Kibuli na msikiti wake, maghorofa ya Nakasero, na bondeni maegesho ya teksi yaliyofurika magari meupe. Wanapiga picha kumi, ishirini. Jioni wanamwonyesha mtu nyumbani, naye anasema "pazuri" kisha anarudisha simu. Kila kilima kimo, kila bati limo, ila picha haina pa kushika.

Simu haikukosea. Mtu akiwa juu ya mnara, macho yake yanachagua bila kumwuliza: yakitua Rubaga, Kibuli inafifia, yakishuka kwenye maegesho, vilima vyote vinaondoka. Kamera haina upendeleo huo. Inapokea kuba, bati na wingu kwa heshima moja. Kuchagua ni kazi ya mtu, na kuchagua huko ndiko tunakokuita utunzi wa picha, iwe ni picha ya rangi ya mafuta, kadi ya arusi au bango la saluni.

Wanafunzi wa sanaa hufundishwa orodha: mizania, marudio, mdundo, uwiano, ukinzani, msisitizo, umoja. Huikariri, hufaulu mtihani, kisha hukaa mbele ya karatasi nyeupe wasijue pa kuanzia. Orodha si mbaya, lakini imewafikia kichwa chini. Mimi nashauri uanze na swali moja tu: nataka jicho la mtazamaji litue wapi kwanza, na likishatua pale liende wapi? Mizania, mdundo na mengineyo ni watumishi wa swali hilo. Usipokuwa na jibu, hakuna kanuni itakayokuokoa.

Kwa hiyo kabla penseli haijagusa karatasi, andika sentensi moja pembeni. Isiwe "picha ya Kampala." Iwe kama hii: "Mama amejikinga mvua kwa beseni huku akisubiri teksi." Sentensi ya kwanza haikuambii uache nini, ya pili imeshakuambia. Beseni ni kubwa, mvua ni mistari, teksi haijafika kwa hiyo huenda isionekane kabisa. Barabara, vibanda na nguzo za umeme vitaingia iwapo tu vinamsaidia mama yule kusubiri. Ukiona sentensi yako ina "na" tatu, una picha tatu, zichore mbalimbali.

Ushauri huu una historia hapa hapa. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha kikundi kidogo cha wanafunzi barazani kwake, na kutoka barazani pale kikakua chuo cha sanaa cha Makerere ambacho mpaka leo kina jina lake. Trowell hakupenda kuwawekea wanafunzi chupa na matunda mezani wayanakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, akawaacha waione picha ndani ya vichwa vyao, ndipo wachore. Alisita hata kuwafundisha kuchora umbali kwa mistari inayokutana, akihofia kwamba ataua namna yao wenyewe ya kuona. Alipostaafu mwaka 1958 nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyeingia na nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia na mazoezi makali ya kuchora kinachoonekana. Tangu hapo watu wa Makerere wamebishana nani alikuwa sahihi. Hofu ya Trowell ilikuwa na harufu ya ukoloni ndani yake, maana kumzuilia mtu maarifa ili "asiharibike" ni kumdharau kwa upole. Lakini kama utaratibu wa kazi ya siku moja, namwona alikuwa na hoja: anza kwa kufumba macho na kusikia kisa, umalize kwa kufumbua macho na kupima. Wengi wanaanza kwa kupima, na kisa hakiji tena.

Tazama alichofanya mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyesoma Makerere, akaenda chuo cha Slade huko London, akarudi kufundisha, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika huru nchini Uingereza. Picha zake zimejaa watu wadogo wadogo wanaofanya kazi pamoja: wanalima, wanavuna, wanabeba. Nyuso hazina maelezo mengi, na mara nyingi hakuna mtu mmoja mkubwa kuliko wenzake. Kwa kanuni za darasani picha hizo zingekosa kitovu. Hazikosi, kwa kuwa sentensi yake haikuwa juu ya mtu. Ilikuwa juu ya kazi ya pamoja, na kundi ndilo kitovu. Miili imeinama upande mmoja, rangi za nguo zinajirudia, na jicho linabebwa na msafara. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilinunua picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Ukitaka kuchora umati wa soko la Owino, anza kwa kumchunguza Ntiro. Amua kama umati wenyewe ndio mhusika, au kuna mtu mmoja ndani yake unayemtaka. Ukimtaka mmoja, wengine wote lazima wapungukiwe na kitu: nuru, ukali wa mistari, rangi au nafasi.

Baada ya sentensi, michoro midogo. Chora vijipicha vinne au vitano, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, kwa toni tatu pekee: nyeusi, kijivu na nyeupe. Hakuna macho, hakuna majani, hakuna herufi. Katika ukubwa huo huwezi kujificha nyuma ya ufundi wa kuchora vidole. Ama mabaka matatu yale yanapendeza, ama hayapendezi, na ukigundua hayapendezi umepoteza dakika mbili badala ya wiki mbili. Nimeona wachoraji hodari wa sura wakiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Picha zao zina pua nzuri sana.

Hapo hapo kwenye vijipicha ndipo pa kuamua umbo la karatasi yenyewe, jambo ambalo wengi huliachia duka la vifaa. Karatasi ikiuzwa imelala, wanachora imelala. Nenda kasimame mbele ya Mnara wa Uhuru katikati ya jiji, karibu na bustani za hoteli ya Sheraton, kazi ya mwaka 1962 ya Gregory Maloba, mchongaji mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Mtu amefungwafungwa mwili mzima, na juu amemnyanyua mtoto aliyenyoosha mikono angani. Kazi yote imesimama wima. Jaribu kuifikiria ikiwa pana na fupi: uhuru unakufa papo hapo. Halafu angalia namna Maloba anavyolipeleka jicho. Huku chini vifungo vinauzunguka mwili, mstari baada ya mstari, na kila mmoja unakuzuia kidogo. Ukifika juu vizuizi vinakwisha, mtoto hana kamba hata moja, na mikono yake inalitupa jicho mawinguni. Hakuna neno lililoandikwa linalohitajika. Ukinzani wa kilichofungwa na kilichofunguliwa ndio unaosema.

Ukiwa pale fanya zoezi moja. Uchore mnara ukiwa umesimama mbali, usawa wa macho, na utaona miti na majengo ya nyuma yakimvamia mtoto yule, mikono ikichanganyika na matawi. Kisha sogea, chuchumaa, uutazame kutoka chini mpaka anga iwe nyuma ya mtoto. Hukubadilisha sanamu wala hukulipa mtu. Umebadilisha magoti yako tu. Matatizo mengi ya utunzi huisha kwa mchoraji kuhama hatua tatu, na ni ajabu jinsi watu wanavyokubali mahali pa kwanza walipotua. Kalooli wa Kampala, wale korongo wakubwa wenye upara, wanalijua jambo hili kuliko sisi: mmoja akitua kileleni mwa mti mkavu, umbo lake jeusi na anga tupu nyuma yake, hakuna mpita njia asiyemwona.

Sasa tuhamie Kasubi, maana hapo pana somo la marudio ambalo ni nadra kulipata kwa ubora ule. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kama jumba la Kabaka Muteesa I, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Baadaye makabaka watatu waliomfuatia wakazikwa humo. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, moto ukaiteketeza usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na ujenzi mpya ukachukua zaidi ya mwongo mmoja. Kipenyo chake cha nje ni kama mita 31 na kimo chake cha ndani kama mita 7.5, kwa hiyo ukiingia hutahisi umeingia mahali parefu; utahisi umefunikwa. Huo ni uwiano unaofanya kazi. Chumba kirefu chembamba hukufanya uinue kichwa, lakini hapa paa linakuteremsha chini, ukae na ushushe sauti.

Inua macho hata hivyo. Dari imeundwa kwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda, pete ndani ya pete, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, mpaka kileleni. Pete moja haina maana ya kutazamwa. Hamsini na mbili zinakupandisha. Angalia kilichofanywa: umbo ni lilelile, ukubwa unabadilika kwa hatua sawasawa. Marudio bila mabadiliko ni ukuta wa matofali. Mabadiliko bila marudio ni kelele. Pete za Kasubi zina vyote viwili, na ndiyo maana jicho linapanda bila kusukumwa. Chini yake, mbele ya pazia la lubugo, nguo ile ya gome la mtuba yenye rangi ya udongo wa kuchoma, mikuki na ngao zimesimamishwa kwa safu. Duara juu, mistari ya wima chini, na pazia kubwa lisilo na urembo wowote katikati. Pazia lile tupu ndilo lenye uzito kuliko vyote, kwa kuwa nyuma yake ndiko wanakolala wafalme. Aliyepanga haya hakuwa amesoma kitabu cha utunzi.

Ukitaka kulifanyia somo hili mazoezi, chukua mkeka. Mfumaji anarudia umbo moja mara mia, kisha mahali fulani anabadilisha rangi ya ukindu, na jicho lako linakwenda pale bila kuchelewa. Jaribu hivyo kwenye karatasi: jaza ukurasa kwa umbo moja, uvunje utaratibu mahali pamoja. Sasa uvunje mahali pawili. Halafu patano. Utaona mwenyewe ni wapi mvuto ulipogeuka fujo. Msanii Acaye Kerunen amekwenda mbali na mikeka ya namna hii. Anazishona na kuziunganisha kazi zilizofumwa na wanawake kwa nyuzi za mimea hadi zinakuwa maumbo makubwa ya kusimama na kuning'inia. Yeye na Collin Sekajugo ndio waliobeba banda la kwanza la Uganda katika maonyesho ya Venice mwaka 2022, na banda hilo likatajwa kwa heshima ya pekee na majaji. Msanii Sanaa Gateja naye anashonea maelfu ya shanga za karatasi iliyokwishatumika juu ya lubugo. Ukiisogelea kazi yake unaona shanga, ukirudi nyuma unaona mwelekeo mmoja mkubwa unaozisukuma zote. Picha nzuri huwa na angalau masafa hayo mawili, ya mbali na ya karibu.

Picha za masoko ya vinyago, zile za wanawake watatu wenye mitungi kichwani mbele ya jua la machungwa, sina ugomvi nazo, zinalisha familia. Lakini zinarudia bila kuvunja: wanawake wale watatu wangepata uhai wote iwapo mmoja wao angesimama kurekebisha kata yake.

Kuhusu nafasi tupu, mwalimu wetu ni bendera ya Uganda. Iliyobuniwa na Grace Ibingira na kupandishwa tarehe 9 Oktoba 1962 ina mistari sita, nyeusi, manjano na nyekundu, kisha tena nyeusi, manjano na nyekundu, na katikati duara jeupe lenye korongo taji. Liondoe duara lile kichwani mwako. Korongo mwenye mwili wa kijivu, miguu myembamba na taji la nyuzinyuzi anamezwa mara moja na mistari ile mikali. Duara jeupe halina kazi nyingine kubwa kuliko kunyamazisha kelele ili ndege aonekane. Wachoraji na wabunifu wa Kampala wanaogopa nafasi ya namna hii. Wanahisi mteja atadhani amelipia karatasi tupu. Mwambie mteja amelipia ndege aonekane.

Korongo huyo ametazama upande wa mlingoti, mguu mmoja ameuinua kuashiria mwendo. Jifunze kutoka hapo jambo dogo linaloharibu picha nyingi za watu: uso ukiangalia kushoto, acha nafasi kubwa zaidi upande wa kushoto. Mtu aliyebandikwa pua kwenye ukingo wa picha analitoa jicho nje, na likitoka si rahisi kurudi. Bodaboda anayekimbia naye anahitaji barabara mbele yake kuliko vumbi nyuma yake. Isipokuwa unataka kuonyesha kwamba hana pa kwenda. Hapo mbane kabisa, makusudi, na sentensi yako ya mwanzo itakuruhusu.

Hapa naomba niseme neno kuhusu ile kanuni ya theluthi ambayo kila mwenye simu anaijua: gawa picha mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo, weka mhusika pale mistari inapokatana. Inasaidia, hasa kwa anayeanza, kwa kuwa inamzuia kumweka kila mtu katikati kwa uvivu. Lakini hesabu kazi nilizozitaja. Maloba amemweka mhusika wake katikati. Kasubi ni katikati tupu. Bendera ni katikati. Kanga za Mombasa na Zanzibar nazo, pindo kuzunguka pande zote na mji katikati, jina chini yake. Katikati ni mahali pa heshima, pa ibada, pa dola; kitu kikiwekwa pale kinasimama kupokea salamu. Kwa hiyo ukimchora muuza rolex, zile chapati za mayai, akipindua moja kwenye kona ya Wandegeya ukamweka katikati kabisa, umemtawaza. Huenda ndivyo unavyotaka, na ni wazo zuri. Kama hutaki, msogeze pembeni, uache moshi na foleni ya wateja vijaze upande wa pili, na mizania itakaa sawa ingawa pande mbili hazifanani: mtu mmoja mzito upande huu, vitu vingi vyepesi upande ule.

Barabara ya Nasser nimeiacha mpaka sasa kwa sababu inavunja karibu yote niliyosema, na bado inafanikiwa. Ndiyo mtaa wa wapiga chapa: kadi za kwanjula (sherehe ya kuwatambulisha wachumba), kalenda, risiti, mabango. Mabango yake ya siasa yanajulikana mbali, marais na waasi na majenerali wa dunia nzima wamekatwa kwenye picha za magazeti na kubandikwa pamoja, ndege za kivita juu, moto nyuma, maandishi ya manjano yenye kingo nyekundu juu ya kila kitu. Hakuna pa kupumulia. Kwa nini yanauzika? Kwa sababu hata ndani ya msongamano ule kuna daraja. Shujaa ni mkubwa mara tatu kuliko wengine, yuko mbele, anakutazama machoni. Bango limetandazwa kando ya njia, mnunuzi anapita na haraka zake, na lina sekunde mbili za kumsimamisha. Akishasimama, visa vidogo vya pembeni vinamshikilia kwa dakika tano. Jicho limepewa pa kutua kwanza, kisha pa kuzurura. Swali letu limejibiwa kikamilifu, japo kwa makelele.

Tatizo linakuja mkono uleule unapotengeneza kadi ya kwanjula au tangazo la mkutano wa kikundi. Mgeni wa kadi hapiti mbio. Ameishika mkononi, anataka kujua nani, lini, wapi. Moto na maua na pete za dhahabu na picha mbili za wachumba na aina tano za herufi vinamchelewesha tu. Kwa kazi ya namna hii nina masharti machache nisiyoyalegeza. Aina mbili za herufi, moja ya kichwa na moja ya maelezo, basi. Ngazi tatu za ukubwa: jambo lenyewe, siku na mahali, halafu mengineyo, na ngazi ziachane vya kutosha, kwa sababu herufi zilizozidiana kidogo huonekana kama kosa la mchapaji. Maandishi juu ya picha yawekwe penye utulivu, angani au ukutani, kamwe yasikatize uso wa mtu. Bandika rasimu ukutani, rudi hatua tano, usome. Usichokisoma kutoka pale, mgeni hatakisoma akiwa ndani ya teksi. Na kabla hujaidhinisha nakala elfu moja, dai nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi ileile. Rangi ya kioo inawaka kwa nuru yake. Ya karatasi inategemea nuru ya chumba, na bluu iliyong'aa kwa mchapaji hufika nyumbani ikiwa imenuna.

Rangi nayo haina nguvu peke yake, inapewa nguvu na majirani. Msimu wa uchaguzi kuta za Kampala hujaa manjano ya chama cha NRM na nyekundu ya chama cha NUP. Ukibandika tangazo la tamasha lako la manjano hapo, hata liwe limebuniwa na malaika, limepotea. Kabla ya kuchagua rangi nenda ukauone ukuta. Mahali pa kelele nyingi, nyeupe yenye herufi nyeusi nene inaweza kuwa ndiyo rangi kali kuliko zote.

Kwa wachoraji wa mandhari, jaribu kubwa hapa ni nyekundu na kijani. Udongo wetu ni mwekundu, migomba ni ya kijani, na rangi hizi mbili zikikutana kwa nguvu sawa zinatetemeka machoni, hakuna inayokubali kuwa nyuma. Amua nani atawale. Udongo ukiwa mkubwa, kijani kiwe kidogo na kipunguzwe makali kwa kuchanganya tone la nyekundu ileile. Vivyo hivyo kinyume chake. Kuchanganya hivyo kunafanya rangi zifanane damu, na bati moja la bluu linaweza kubaki safi ili kuliita jicho. Na uchague saa. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya vitu, macho ya watu ni mashimo meusi na kuta zote zimekuwa bapa. Toka asubuhi kabla ya saa tatu, au rudi baada ya saa kumi na nusu, vivuli virefu vikukatie barabara vipande vipande. Nusu ya utunzi utaukuta umeshafanywa.

Kazi ikikaribia kuisha, ipime. Finya macho mpaka maelezo yote yapotee, uangalie ni doa gani linabaki kali. Kama si lile la sentensi yako, kitu kingine kimeiba picha. Igeuze juu chini. Itazame kwenye kioo, ambako uso uliopinda utajitangaza wenyewe. Ipige picha kwa simu na uondoe rangi: ikiwa yote ni kijivu kimoja, ulikuwa unategemea rangi ifanye kazi ya nuru. Ziba sehemu moja moja kwa kiganja, na kila unapoona picha imeimarika kwa kuzibwa, umepata cha kufuta. Wapenzi wa mchoro hukataa kufuta kipande walichokichora vizuri kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachotakiwa kuondoka. Kihamishie kwenye picha nyingine.

Kisha tafuta mtu. Usimwite msanii mwenzako, atakusifu au atakuonea wivu. Mwite kijana wa stegi ya bodaboda, mwonyeshe picha kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, uifiche. Usimwulize kama ni nzuri. Mwulize ameona nini kwanza, halafu nini. Akisema "mama na beseni," endelea. Akisema "kuna nguzo," rudi kazini bila kumwelezea chochote, kwa sababu hutakuwepo kumwelezea kila atakayeitazama.

La mwisho ni la fundi fremu. Yeye hufunika ukingo wa picha, wakati mwingine sentimita nzima kila upande, naye hana habari kwamba ule mguu wa kulia ulikuwa unagusa ardhi. Katika karatasi acha pambizo la sentimita mbili lisilo na kitu cha lazima, turubai iache ya kukunjia nyuma, na kwa kazi ya mchapaji ongeza milimita tatu za rangi nje ya mstari wa kukatia. Chora pambizo hilo kwa penseli kabla ya kuanza, maana mizania yote ya picha inahesabiwa kutoka mstari ule kuingia ndani.